Mwogeleaji wa Olimpiki aliniazima miwani yake, nikaondoka nayo. Naomba ushauri

Mama wa Kigamboni:
Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, hasa mlio na watoto kwenye klabu za kuogelea hapa Dar.

Mimi ni mama wa miaka 43, nimejifunza kuogelea ukubwani. Mjomba wangu alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria ile asubuhi ya 21 Mei 1996, na tangu hapo mama hakumruhusu mtu wa nyumba yetu kuingia maji yanayopita magoti. Sasa mimi napanda kivuko cha Magogoni kila siku kwenda kazini, na kila siku nilikuwa nashikilia chuma cha pembeni mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwaka juzi nikatafuta kocha.

Jumamosi iliyopita klabu ilikuwa na mashindano ya ridhaa, bwawa la mita 25. Mwishoni wakaweka mbio za watu wazima, mita 50 fristaili. Leni ya jirani yangu akasimama mwogeleaji aliyewahi kuiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki, yuko nyumbani likizo. Jina silitaji kwa sababu sijamwomba ruhusa. Nimezoea kumwona kwenye simu nikimwonyesha binti yangu. Akanigeukia: "Shikamoo mama." Naitikia marahaba huku navaa miwani, mkanda ukakatika. Filimbi ya kutuita ilishalia. Akavua ya kwake, akanivalisha, akaukaza mkanda mwenyewe, akaniambia, "Toa pumzi majini, usiibane." Yeye akaogelea macho matupu.

Nilimaliza wa mwisho, dakika 1 na sekunde 14. Nilipogusa ukuta nikamkuta bado yuko majini, ameegemea kamba ya leni, ananisubiri. Wengine wote walishatoka. Nililia jamani. Nikakimbilia chumba cha kubadilishia nguo, na niliporudi alishaondoka. Hata asante sikusema.

Miwani ninayo hapa, mkandani kuna herufi zake mbili kwa kalamu ya wino. Nimwandikie mwenyewe Instagram au nipitie kwa kocha? Na kuna la pili linaloninyima usingizi. Mtaani kwetu watoto kama ishirini hushinda ufukweni, na hakuna mkubwa anayejua kuogelea. Ni vibaya nikimwomba aje awafundishe, hata saa moja?

Kijana wa Tandika:
Mama, hongera sana. Mimi ningebaki nayo. Angeitaka angekusubiri nje. Weka sebuleni, iwe kumbukumbu ya wajukuu.

Mama wa Kigamboni:
Mwanangu, ameiandika herufi zake. Mtu haandiki jina kwenye kitu anachogawa. Hicho ni kifaa chake cha kazi.

Mzazi wa Upanga:
Dada, nina watoto wawili wanaogelea, huu mwaka wa sita nakaa pembeni ya bwawa. Pitia kwa kocha. Hawa vijana wakija likizo kila mtu anawatumia ujumbe, wako utazama humo humo. Kocha ana namba yake na anajua yuko bwawani saa ngapi.

Ukienda kumkabidhi, subiri amalize mazoezi. Siyo kabla, na siyo akiwa bado anaogelea taratibu kuushusha mwili, maana wengi hudhani muda ule hana kazi. Akishatoka na taulo begani, ndipo msogelee. Mpe mkononi, mwambie ulichotuambia hapa, hata habari ya mjomba. Wanaombwa picha kila siku. Kuambiwa kwamba ametuliza hofu ya miaka karibu thelathini, sidhani kama wanakusikia mara nyingi.

Ila la watoto usilitie siku hiyo hiyo. Shukrani isije ikageuka chambo. Mrudishie, nenda nyumbani, wiki ijayo mwombe kupitia kocha.

Mzee wa Feri:
Mwanangu, mimi naongelea hao watoto. Nimevua maji ya hapa tangu kijana. Usimlete mgeni ukawafundishia baharini. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka kwa nguvu, na pale mlangoni mwa bandari mkondo unamchukua hata mtu mzima anayejua. Ukikosa bwawa, basi ngoja maji mafu, siku yanapopanda na kushuka kidogo, na mbaki panapofika kiunoni mwa mtoto, na muwe na wakubwa wanaoogelea wasiopungua wanne. Yeye amezoea bwawa, mkondo haumjui bingwa.

Mwalimu wa Mbezi:
Usiuonee haya muda wako. Sydney mwaka 2000, Paula Barila Bolopa wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 50 fristaili kwa dakika 1 na sekunde 3.97. Hiyo ni Olimpiki, na watu walimshangilia wakimpigia makofi. Mwenzake Eric Moussambani alizoea bwawa dogo la hoteli, akaogelea mita 100 peke yake baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza mapema. Wewe umepishana na Paula sekunde kumi tu.

Kuhusu watoto, mpelekee jambo lililokamilika: idadi yao, umri, bwawa lenye upande wa kina kifupi, nani mwokoaji, wazazi wangapi watakuwepo. Kijana wa watu akikuta kila kitu tayari, kazi yake inabaki kuingia majini.

Mama wa Kigamboni:
Nimesoma yote, Mungu awabariki. Mzee wangu wa Feri, shikamoo. Ufukweni nimeshapafuta kichwani, natafuta bwawa.

Nimempigia kocha jioni hii. Anasema kijana atakuwepo mazoezini Alhamisi, kumi na moja jioni, na Jumapili anasafiri. Kwa hiyo Alhamisi naomba ruhusa kazini nitoke mapema. Miwani nimeiosha kwa maji baridi, nimeifunga kwenye kitambaa cha kanga. Binti yangu ameniuliza kama anaweza kuja. Nimemwambia aje, ila picha tusimwombe mpaka niwe nimesema asante.

Mzazi wa Upanga:
Njoo na nguo za kuogelea, dada. Wanangu watakuwepo, tutakuwekea leni.