Bledi za bandiso: kaboni, bimetali au kabaidi? Meno yananimaliza

FundiKeko:
Wakuu, habari za majukumu. Nina bandiso (msumeno wa mkanda) ndogo ya mlalo, bledi yake mm 2360 × 20 × 0.9. Karakana iko Keko na kazi ni mchanganyiko: asubuhi mageti ya skweapaipu 40 × 40, ukuta mm 1.5, mchana anaingia mtu na shafti ya mm 75. Bledi za kaboni ninazochukua mtaa wa Gerezani zinaisha meno ndani ya siku mbili. Muuzaji ananivuta kwenye bimetali, yaani mgongo wa chuma kinachopinda na ukingo wa meno wa chuma kigumu zaidi. Rafiki yangu wa Chang'ombe anasema kabaidi, ile ya ncha ngumu kupita chuma, ndiyo kiboko. Halafu kuna kijana anaunga zilizokatika kwa gesi, bei ya chai. Nipeni uzoefu, maana hela yenyewe ya mawazo.

MzeeShafti:
Kabla hujatoa hela: bledi ina meno mangapi kwa inchi? Na meno yamelika taratibu au yameng'oka?

FundiKeko:
Imeandikwa 4/6, yaani meno 4 hadi 6 kwa inchi. Yameng'oka mkuu, hasa kwenye skweapaipu. Sehemu moja yametoka kumi mfululizo, kibogoyo kabisa.

MzeeShafti:
Basi kaboni unaionea bure. Inchi ni mm 25.4. Gawa kwa 4, jino na jino vinaachana zaidi ya mm 6. Ukuta wa mm 1.5 unazama wote kwenye hiyo nafasi, jino linalofuata linakuja kuugonga badala ya kuukwangua. Funga hata kabaidi, litang'oka tu, tena kwa hasara kubwa zaidi. Skweapaipu hiyo ipe 10/14 na ushushe mkono polepole.

Ila 10/14 hiyo usiipeleke kwenye shafti. Mm 75 ni karibu inchi 3, kwa hiyo meno 30 na ushee yatakuwa ndani ya chuma kwa wakati mmoja. Chenga zinakosa pa kukaa, zinajaza mabonde, bledi inaanza kuteleza na kwenda upande. Kwenye chuma kizima mimi sipendi yazidi 24, na yasipungue 3. Shafti yako inaitaka hiyohiyo 4/6.

BintiKarakana:
Hapa Tabata tumepita kaboni tukaishia bimetali. Kaboni ikifika kwenye nyuzi joto 200 hivi ukali unaanza kulegea. Ukingo wa meno wa bimetali yetu, chuma cha M42 chenye kobalti takriban asilimia 8, unavumilia hadi karibu 600. Kwenye stenilesi 304 kaboni ilitutia aibu mbele ya mteja.

Lakini bimetali yetu ya kwanza tuliiua siku ileile, tena kwa mikono yetu. Ya zamani ilikatika katikati ya shafti, tukafunga mpya tukaiingiza kwenye mkato uleule. Meno mapya yamepanuka zaidi kuliko yaliyolika, ikabanwa, kwisha habari. Geuza chuma, anza upande wa pili. Na mikato ya mwanzo igandamize nusu tu ya kawaida, jino lipate kuzoea.

Nyangumi77:
Kabaidi kwenye mashine ya saizi hiyo usithubutu, mkuu. Jino ni gumu lakini halitaki kutetemeshwa, linamenyeka. Waachie wenye mashine nzito wanaokata vyuma vigumu kutwa nzima. Rafiki yako wa Chang'ombe anayo, au amesikia?

ChumaMoto:
Watu mnasahau chenga. Zikitoka kama unga, unasugua tu, ongeza mkono kidogo. Zikitoka nene na rangi ya bluu, unaichoma bledi. Zijikunje, ziwe na rangi ya fedha. Maji ya kupoozea: mafuta sehemu 1 kwa maji 10, na mafuta ndiyo yanamiminwa kwenye maji. Kwa joto la hapa Dar maji yanapaa, mafuta yanabaki mazito, kwa hiyo usiongeze kwa mazoea. Chuma cha kusubu kata kikavu.

FundiKeko:
Asanteni. Na kijana wa gesi?

MzeeShafti:
Moto wa gesi unaharibu ugumu wa chuma pembeni ya kiungo, ndiyo maana zinakatika tena hatua moja tu kutoka pale. Mashine ya kuunga bledi inachomelea kisha inairudishia moto taratibu ili isiwe rahisi kuvunjika kama glasi. Kama kijana hana hiyo, mnunulie chai tu.

Angalia na ufa unaanzia wapi. Ukianzia mabondeni mwa meno, mara nyingi ni mvutano mbaya au unagandamiza kupita kiasi. Ukianzia mgongoni, bledi inasugua flanji (ukingo ulioinuka) ya gurudumu au gaidi za nyuma, zile zinazoiongoza bledi, zimelika. Hapo kubadili aina ya bledi hakusaidii.

BintiKarakana:
Na jioni legeza mvutano kabla ya kufunga ofisi.

FundiKeko:
Nimechukua bimetali mbili, 4/6 na 10/14. Shafti sasa nazikusanya, nakata Jumatano na Jumamosi. Lakini mzee umenitisha: nimeishika bledi ya zamani juani, mgongoni ina nyufa tatu, na flanji ya gurudumu inang'aa kama imepigwa msasa. Sifungi mpya mpaka kesho nifungue gurudumu.