Picha ya mama yangu inauzwa shilingi 4,000: malalamiko kuhusu wapiga picha wa mitaani hapa Lamu

Waungwana, asalaam aleikum.

Picha ya mama yangu imetiwa fremu nyeusi na kutundikwa kwenye sebule ya nyumba moja ya wageni hapa Lamu, ambayo siitaji jina kwa sasa kwa kuwa nimewapa muda wa kuiondoa. Chini yake kuna kibandiko chenye bei, shilingi 4,000, na maneno ya kizungu ambayo kwa lugha yetu yanasema "Mwanamke wa Kiswahili akisubiri". Mama hakuwa akisubiri chochote. Alikuwa ameketi dakani kwake, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, mtaa wa Langoni, akipeta mchele kwenye uteo baada ya Alasiri, ushungi umemshuka mabegani kwa joto la kaskazi, na hakujua kwamba amepigwa picha mpaka mimi nilipomwambia. Ana miaka sabini na miwili. Tangu siku hiyo hajakaa dakani tena. Mchele anaupeta ndani, kwenye giza, na nikimwuliza anajibu kwamba upepo wa nje umemchosha.

Wanaokaa Mkomani na Langoni wanawajua watu ninaowasema. Huja kwa makundi, kila mmoja na kamera mbili shingoni, wakiongozwa na mwalimu wao ambaye amewatoza fedha huko watokako ili awafundishe upigaji picha wa mitaani. Mafundisho yenyewe nimeyasikia kwa masikio yangu nikiwa barazani nashona kofia: kwamba aliye njiani haombwi ruhusa, kwamba kumwomba ni kuiharibu picha kwa sababu atajiweka sawa, na kwamba mtu akikunja uso, mpiga picha atabasamu na kuendelea na safari yake. Walidhani sielewi Kiingereza.

Kanuni hiyo huenda inafaa katika jiji lenye barabara za magari manne na watu wasiojuana, lakini mji huu haukujengwa hivyo. Nyumba zetu za mawe, ambazo ndizo zilizoufanya mji mkongwe uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zilijengwa na watu waliolifikiria jicho la mpita njia kabla hawajafikiria kitu kingine. Kuta za nje zimefumba. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi wa kwanza, na njia inakata kona makusudi ili aliye nje asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Baada ya hapo misana, zile kumbi ndefu, inafuatana mpaka ufike ndani, ambako mgeni hafiki kabisa. Wikio nazo, vile vyumba vinavyopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, ziliwawezesha wanawake kutembeleana bila kushuka usitani, yaani njiani. Daka liko katikati ya mambo hayo yote. Lina mabaraza yake ya mawe, lina mlango wa nyumba nyuma yake, na ingawa limeikabili njia, ni la mwenye nyumba. Anayetaka kulikanyaga hupiga hodi, na akipiga hodi tatu bila kujibiwa huondoka zake. Sasa lenzi ndefu inafika mpaka kwenye uteo wa mama bila hodi hata moja, eti kwa sababu miguu ya mwenye lenzi imesimama kwenye njia ya umma.

Na njia yenyewe mpiga picha aliiziba. Jirani aliyemwona anasimulia kwamba punda wawili waliobeba mifuko ya saruji walisimama nyuma yake, mwenye punda anapiga kelele za "simile, simile" mpaka sauti ikamkauka, na bwana yule hakugeuka.

Wapo watakaoniambia kwamba sheria haikatazi. Tusomeshane basi. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu taarifa yoyote inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na sioni kinachomtambulisha mtu kuliko uso wake. Kuitumia data hiyo kibiashara kunataka ridhaa yake, na akiwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi. Haya si maneno ya karatasini tu, kwani mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake. Najua pia kwamba kifungu cha 52 cha sheria hiyo kinatoa msamaha kwa kazi za sanaa na za uandishi wa habari, maana meneja wa nyumba ile alinisomea kifungu hicho kwenye simu yake kama mtu anayesoma azima. Hakufika mwisho. Msamaha umefungwa na sharti kwamba mwenye kuchapisha awe na sababu za kuamini kuwa uchapishaji huo una maslahi kwa umma. Nilimwuliza ni umma upi unaofaidika kwa shilingi 4,000 zile, naye akaniambia nije siku nyingine.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba wengi wao hawathubutu kufanya hivi kwao. Kibandiko kinasema mpiga picha ametoka Ujerumani. Huko, mwaka 1898, wapiga picha wawili walijipenyeza usiku katika chumba alimofia Bismarck, aliyewahi kuwa Chansela wa nchi hiyo, wakaipiga picha maiti yake. Familia ikaenda mahakamani, na mkasa ule ukachangia kutungwa kwa sheria ya 1907, ambayo kanuni yake mpaka leo ni kwamba picha ya mtu haisambazwi wala kuonyeshwa hadharani bila ridhaa yake. Heshima aliyowekewa maiti wa kwao, mama yangu aliye hai hakuipata.

Sisemi kamera zivunjwe. Ukutani kwangu ninayo picha ya marehemu baba akiwa kwenye jahazi, aliyopigwa na mgeni ambaye aliomba, akakubaliwa, kisha akaileta kwa posta baada ya miezi minne. Tunaitunza kama mboni ya jicho. Wakati wa Maulidi pale msikiti wa Riyadha, au siku ya mashindano ya mashua, au viwanja vya Mkunguni mbele ya Ngome, watu wametoka ili waonekane, na anayetaka kupiga apige mpaka betri imwishie. Anayepeta mchele dakani kwake hajatoka.

Hasira yangu kubwa, hata hivyo, ni juu ya kijana aliyewaleta wapiga picha hao. Ni mtoto wa hapa, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, na mahamri ya mama yangu ameyala tangu hajaota meno ya pili. Anajua ile ni nyumba ya nani. Alipoulizwa na mgeni wake kama inafaa kupiga, alijibu kwamba hakuna shida, kwa sababu siku hiyo shida ingempunguzia bakshishi. Nikimwita hapokei simu, na tukikutana usitani anageukia uchochoro wa kwanza anaouona.

Nimekwenda katika nyumba ile mara tatu. Mara ya tatu bei ilikuwa imebandukwa lakini picha ingalipo, na meneja akaniuliza kama nitaridhika nikipewa nakala moja bure. Malalamiko kwa Kamishna nimeshayaandika, na Jumatatu ijayo nitayapeleka iwapo picha itakuwa bado ukutani. Wakati huohuo nawaomba wenzangu wa Langoni na Mkomani: ukuta ule una picha nyingine kumi na moja. Mbili ni za wasichana wadogo wakitoka chuoni na misahafu yao, na mmoja ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Anayemjua mzazi wake ampe habari hii leo.