Mrejesho: Pedi za breki za gari langu la mbio, Tanga

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini pedali ya breki ilikuwa ikizama baada ya mizunguko michache ya mazoezi kwenye njia za vumbi za mashamba ya mkonge huku Pongwe, na kama ninunue pedi za mashindano. Fundi wangu wa Ngamiani alipozifungua zile za zamani, nilikuta uso wake unang'aa kama kigae, ukucha unateleza. Lakini kuzama kule kulitokana na mafuta ya breki, yaliyokuwa yamefyonza unyevu kwa miaka hadi yakachemka. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ilhali yaliyofyonza maji huweza kuchemka kwenye 155 tu.

Nimeyabadilisha, kisha nikachagua pedi za joto la kati, kwa kuwa zile za mashindano halisi hazishiki vizuri zikiwa baridi, nami gari hilohilo ndilo hunipeleka kazini asubuhi. Ili zizoeane na diski, nilipunguza mwendo mara 10 kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa bila kusimama kabisa (harufu ilinitisha), nikaziacha zipoe. Jumamosi nilizunguka mara 8, pedali ikabaki juu. Zinapiga kelele kidogo, ila anayelalamika ni mke wangu, si mimi.