Tupeane uzoefu: uliyesafiri kwa tiketi ya wafanyakazi ukaitwa kiti cha mbele, ilikuwaje?

Wa Kaunta
Ndugu zangu, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye kaunta ya abiria hapa Entebbe. Kila wiki napokea wafanyakazi wa mashirika ya ndege waliosimama pembeni na tiketi zao za kusubiri, wengine na wazazi, wengine na watoto, wananitazama usoni kama ndugu wa mgonjwa wanavyomtazama daktari anapotoka wodini. Uliyewahi kuitwa dakika ya mwisho ukapewa kiti cha bizinesi, vile vya mbele vya nauli kubwa, tuambie ilikuwaje. Na uliyeachwa pia.

Kwa asiyejua: tiketi hii tunaipata kwa sehemu ndogo ya nauli. Inayoitwa ID90 maana yake umepunguziwa asilimia 90, ila kodi na tozo za uwanja ziko palepale. Ukipanda shirika lisilo lako, nauli mara nyingi hupangwa kwa umbali, kwa makubaliano ya mashirika yaitwayo ZED. Bei ni nafuu kwa sababu unanunua ruhusa ya kungoja tu. Kiti utakipata wenye nauli kamili wakishaingia wote, na kama nyuma kumejaa na mbele kuna nafasi, shirika linaloruhusu litakupeleka mbele.

Naanza mimi. Dada yangu alijifungua Ubelgiji, nikampeleka mama amwone mjukuu. Mama ni wa Arua, hakuwa amepanda ndege maisha yake yote. Usiku wa kwanza ndege ikajaa, tukarudi na mabegi yetu nyumbani Kitoro. Wa pili ikajaa tena. Mama hakulalamika, alikunja gomesi yake, asubuhi akaipiga pasi upya. Usiku wa tatu, kaunta ikishafungwa, mwenzangu akaniita: nyuma hakuna kitu, mbele viko viwili.

Ndege ile kiti cha mbele kinalala kikawa kitanda. Mimi nililala. Nilipoamka karibu na kutua, mama alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, blanketi bado limo kwenye mfuko wake. Nikamuuliza, mama, mbona hukulala? Akasema, "Nilimngoja mwenyewe. Nilidhani akija atataka kiti chake."

Usiku mzima. Mimi nimelala pembeni yake.

Tangu siku hiyo nikimpa mzee yeyote kiti cha mbele, natoka nyuma ya kaunta, namshika mkono, namwambia: hiki ni chako mpaka mfike.

Fundi Injini
Pole na hongera, Wa Kaunta. Yangu ni ya upande wa pili. Nilikuwa narudi nyumbani kupitia Addis Ababa, nimeshaketi mbele, nimeshapewa juisi. Akaja wa getini na karatasi: samahani, wafanyakazi watatu washuke. Viti vilikuwepo! Lakini hali ya hewa huku Entebbe ilikuwa mbaya, rubani ameongeza mafuta ya akiba, na Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini na mabawa havipati nguvu ileile ya pwani, basi uzito wa kurukia una kikomo chake. Sisi wa bei nafuu ndio tunaotangulia kushuka.

Mimi ni fundi, hesabu ile ninaijua. Nikachukua begi langu nikashuka bila neno. Lakini kupita katikati ya watu waliokwisha kufunga mikanda, wote wanakutazama kama umekamatwa na kosa, hilo silisahau.

Mzee wa Mizigo
Mimi ni wa kupakia. Miaka kumi na minne nimeingia tumboni mwa ndege kila siku, na sikuwahi kuruka hata moja. Watoto wangu walikuwa wakiniuliza juu kukoje, nawaambia kuna baridi, kwa sababu mizigo inayotoka huko huja na ubaridi wake.

Mwaka juzi nikapata tiketi. Nikaitwa mbele. Dada mhudumu akaniuliza nitakunywa nini, nikamwomba maji, mikono nimeificha kwa sababu ina sugu. Alipoondoka nikaweka miguu chini vizuri nisikilize. Katika ndege zile pana, stoo ya mbele ya mizigo iko chini ya viti vile hasa. Zamu yangu walikuwa wameniambia wamepakia nini: minofu ya sangara na maboksi ya maua ya kwenda Ulaya. Nikasikia mlango wa chini unafungwa. Mlio ule naujua, nimeufunga kwa mkono huu mara nyingi kuliko mlango wa nyumba yangu. Nikajua vijana wamefunga vizuri. Hapo ndipo nikalala, na nililala usingizi wa kweli.

Sijui kama mkubwa yeyote aliyewahi kukaa kile kiti alijua kilicho chini yake kama nilivyojua mimi.

Binti wa Bombo
Mzee wa Mizigo, shikamoo. Umeniliza, na niko mapumziko ya zamu.

Mimi ni mhudumu wa ndani ya ndege. Niseme kidogo kwa wanaoanza kazi. Ukipewa kiti cha mbele, vaa vya heshima. Mashirika mengi yana masharti ya mavazi kwa tiketi hizi, na nimeona watu wakirudishwa getini kwa sababu ya kandambili. Chakula, ngoja wenye nauli wachague, chukua kilichobaki na ushukuru. Usimwambie abiria wa jirani umelipa kiasi gani. Na abiria kiti chake kikiharibika, yeye ndiye wa kuhamishiwa mbele kwanza, wewe rudi nyuma bila kununa. Niliwahi kumwona mwenzetu akibishana juu ya hilo mbele ya watu. Niliona aibu kwa niaba ya sote.

Mama Pacha
Naomba nami niseme, mimi ni abiria wa kawaida. Nilisafiri na pacha wa miezi minane, mmoja kulia mwingine kushoto, nyuma kabisa. Pazia lilipofunguka nikaona vijana wawili mbele wamenyoosha miguu, baadaye nikasikia ni wafanyakazi. Nilikuwa nimelipa nauli kamili, ya jasho. Niliumia, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Kwa nini kiti kile kitupu hakikupewa mwenye watoto?

Wa Kaunta
Mama Pacha, una haki ya kuumia. Tazama hesabu ilivyo. Chukua Airbus A330-800 za Uganda Airlines: viti 258, na bizinesi ni 20 tu. Kiti cha bizinesi ndicho chenye pesa. Abiria wakizoea kwamba kikibaki kitupu kinagawiwa bure, wengi watanunua cha nyuma wangoje bahati. Sisi tunapewa kwa sababu ni sehemu ya malipo ya kazi, na mishahara ya chini viwanjani wewe waijua. Huo ndio mfumo, na naukubali. Lakini kuhusu wale vijana wawili: mwenye macho angesimama akamwomba mkuu wa wahudumu ruhusa akubebee mtoto mmoja hata saa moja. Hilo halihitaji bei ya tiketi.

Mama Pacha
Nimekusikia. Bado sikubaliani nawe juu ya kiti. Ila la mtoto umesema kweli.

Mke wa Rubani
Yetu fupi: Desemba, Nairobi, siku mbili tumelala vitini na watoto. Ya tatu tukapanda basi la usiku, Busia asubuhi, Kampala mchana. Ndege ni kama saa moja tu. Tangu hapo Desemba tunanunua tiketi kamili au hatuendi.

Kijana wa Kitoro
Wakubwa, nina mwaka mmoja kazini. Nataka kumpeleka baba Dubai Jumatano, kaka yangu yuko huko. Mnanishauri nini?

Wa Kaunta
Jumatano ni nzuri, katikati ya juma huwa kuna nafuu. Angalia idadi ya waliokata tiketi asubuhi na tena jioni. Dawa zake zote ziwe begi la mkononi, msije mkaachwa nyinyi mabegi yakaenda. Viza iwe na siku za ziada. Na uwe na pesa ya tiketi kamili ya kumrudisha nyumbani, kwa sababu mzee wa miaka sabini halali vitini siku tatu. Muhimu: mwambie nyumbani kabla hamjatoka kwamba mnaweza kurudi. Asijue getini.

Kijana wa Kitoro
Ya jana tumekosa. Leo tuko hapa tena. Baba amevaa kanzu na koti, amekaa wima, hataki hata chai.

Binti wa Bombo
Mwambie anywe chai. Tuko nanyi.

Kijana wa Kitoro
Wametuita! Kimoja mbele, kimoja nyuma. Nimemfikisha kitini, nimemfunga mkanda, nimemwonyesha kitufe cha kulaza. Nimemwambia, baba, hiki ni chako mpaka tufike. Akaniuliza mara mbili: "Chote?" Nikamwambia chote. Mimi niko safu za mwisho karibu na choo, wanasema tuzime simu