Naomba ushauri: video tano kwa wiki zimenichosha, niache ajira nibaki na chaneli?

Sindano na Uzi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi.

Nafundisha ushonaji kwa video, huu ni mwaka wa tatu. Kupima, kukata, kuweka zipu, kushona kola ikakaa vizuri. Nina wafuasi 14,000 na kidogo. Mchana niko kazini, jioni narudi nawasha taa na kamera. Tangu mwaka jana nimejiwekea sheria ya kupandisha video tano kila wiki, kwa sababu nilisikia ukilegea tu mtandao unakusahau. Desemba nilipata pesa ya matangazo yanayowekwa kwenye video zangu, iliyozidi nusu ya mshahara wangu. Nikaandika barua ya kuacha kazi, bado iko kwenye droo. Januari watazamaji walikuwa walewale, video tano zilezile, mapato yakashuka karibu nusu. Sijui nimekosea wapi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba siku hizi nikikaa kwenye cherehani sioni raha, naona kazi ya kurekodi tu. Cherehani nilifundishwa na mama nikiwa na miaka tisa, sijawahi kuichoka.

Nizame moja kwa moja kwenye chaneli, au nipunguze? Mliopita njia hii niambieni ukweli.

Kalamu ya Risasi

Dada, hujakosea popote. Nafasi za matangazo zinauzwa kwa mnada. Mwisho wa mwaka wafanyabiashara wote wanazigombania kwa ajili ya sikukuu, bei inapanda. Januari bajeti mpya ndiyo kwanza zinaanza, wanunuzi wamepungua, bei inashuka kwa karibu kila mtu. Watazamaji wako hawajakukimbia.

Kwa hiyo usiamue kwa hesabu ya Desemba. Chukua mapato ya miezi 12, tafuta wastani, halafu utazame ule mwezi mbaya kuliko yote. Ungetosha kodi ya nyumba na chakula? Hapo ndipo barua itoke kwenye droo au ibaki.

Jahazi

Mimi nina maoni tofauti. Niliacha kazi nikiwa na wafuasi 9,000 na sijuti hata siku moja. Mshika mbili moja humponyoka. Chaneli inataka akili iliyopumzika, siyo ile iliyobaki saa nne usiku.

Fundi Taa

Mkuu Jahazi, ulipoacha ulikuwa na akiba ya miezi mingapi?

Jahazi

Minane. Na sikuwa na mtu anayenitegemea. Ni kweli, hilo nilipaswa kulisema mwanzo.

Fundi Taa

Asante kwa kuwa muwazi. Sasa dada, nikueleze yaliyonipata.

Chaneli yangu ya kwanza niliijenga miaka minne. Nikatumia muziki wa watu bila ruhusa kwenye video kadhaa, nikaonywa mara tatu ndani ya muda mfupi, ikafungwa. Kosa lilikuwa langu. Lakini kilichoniumiza ni kwamba watu elfu kadhaa waliokuwa wakinifuatilia sikuwa na njia hata moja ya kuwaambia nimehamia wapi. Walikuwa wafuasi wa mtandao, mimi nilikuwa mpangaji tu. Na mpangaji anaweza kuhamishwa hata asipokosa. Vine, mtandao wa video fupi, ilikuwa na watengeneza maudhui wakubwa kabisa. Oktoba 2016 ikatangazwa kuwa inafungwa, Januari 2017 mambo yakaisha.

Hivyo kabla ya kufikiria video ya sita kwa wiki, anza kukusanya barua pepe za watu wako. Usiwaombe bure. Chora kipimo cha shati au sketi, mtu aandike barua pepe yake apate mchoro wa kukatia. Watu 500 waliokupa anwani wenyewe ni mtaji ambao hakuna mtandao utakunyang'anya.

Halafu baadaye uza. Seti ya michoro yenye saizi zote, au darasa la wiki sita. Matangazo yachukulie kama mvua, ikinyesha shukuru, ila usiitegemee kwa shamba zima. Kama uko YouTube, kwenye video ndefu unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayooneshwa humo. Kwenye Shorts, zile klipu fupi, ni asilimia 45 ya fungu unalogawiwa, na fungu hilo linatoka kwenye chungu cha pamoja. Ndiyo maana mtu anapata watazamaji milioni moja kwenye klipu fupi akashangaa kiasi anachokikuta. Klipu zitumie kuwaita watu, wapelekwe kwenye video ndefu na kwenye michoro yako.

Bi Subira

Mwanangu, mimi nitagusa hilo la kuchoka, wenzangu wamelipita haraka.

Nimefundisha kwa video miaka saba. Mwaka wa nne niliamka nikashindwa kabisa kubonyeza kitufe cha kurekodi. Si uvivu, mikono ilikataa. Nilikaa miezi mitatu bila kupandisha kitu. Nilipofungua takwimu nilikuta video yangu ya miaka miwili nyuma bado inatazamwa kila siku kuliko zote, kwa sababu inajibu jambo ambalo watu wanalitafuta. Zile za kufuata upepo zilikuwa zimekufa wiki ileile nilizozipandisha.

Nenda kwenye takwimu zako leo, uangalie video kumi zinazotazamwa zaidi mwezi huu. Nadhani ile ya zipu imo. Ukiona ni za zamani, basi umepata jibu kwamba tano kwa wiki hazikulishi. Mtandao hauna chuki na mtu aliyepumzika, unampa mtazamaji kile anachodhaniwa atakitaka. Video moja kwa wiki iliyofikiriwa vizuri inatosha. Rekodi mbili au tatu siku moja ukiwa na nguvu, weka akiba ya wiki nne, ili ukiugua usihangaike.

Na ushone nguo moja ambayo hakuna atakayeiona kwenye kamera. Nakusihi sana kwa hili.

Mshumaa

Nafuatilia. Hilo la mikono kukataa nimedhani ni mimi peke yangu.

Bi Subira

Pole mwanangu Mshumaa. Si wewe peke yako. Punguza leo, usingoje mikono ikatae kabisa.

Sindano na Uzi

Nimerudi, ni wiki tatu sasa. Nimefanya hesabu ya miezi 12, mwezi mbaya usingelipa hata kodi. Barua nimeichana. Bi Subira, ulisema kweli, kati ya video kumi za juu saba zina zaidi ya mwaka, na ya zipu ndiyo ya kwanza. Sasa napandisha moja kwa wiki, watazamaji wamepungua kidogo tu. Mchoro wa sketi umeniletea barua pepe 163. Jumamosi nilimshonea mdogo wangu gauni, kamera ikiwa kabatini.

Swali la mwisho: kampuni moja ya nyuzi inataka nitangaze bidhaa zao. Mkataba unasema wanaweza kutumia video yangu popote, milele, na nisifanye kazi na kampuni nyingine ya vifaa vya kushonea kwa mwaka mzima. Malipo ni ya mara moja. Nisaini?

Kalamu ya Risasi

Usisaini ulivyo. Badala ya milele, wape miezi sita, na kwenye kurasa zao tu. Wakitaka kuitumia kama tangazo la kulipia, hilo lina bei yake peke yake. Katazo lipunguze liwe la nyuzi tu, siyo vifaa vyote, maana mwaka mzima bila mkasi wala cherehani ya mtu mwingine ni mapato unayoyaachia bure. Omba nusu ya malipo kabla ya kurekodi. Na kwenye video useme wazi kwamba umelipwa, watu wako wamekuamini na sehemu nyingi sheria inataka hivyo. Waandikie kwa upole, kipengele kwa kipengele. Wakikataa vyote, wewe mwenyewe utajua walikuwa wanataka nini.