Mfuko wa wakfu wa kusomesha wanafunzi kwa jina la wazazi: tufuate njia ipi?

Binti wa Mlimani:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Wazazi wetu walisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, wakafundisha sekondari hadi kustaafu, na sasa wote wametangulia mbele za haki. Sisi watoto tumeuza kiwanja walichotuachia, na tumekubaliana fedha hizo zisomeshe wanafunzi wasio na uwezo kwa jina lao. Kaka yetu mkubwa anataka tuwalipie ada wanafunzi kadhaa hadi fedha ziishe. Mimi napendelea mfuko wa kudumu. Shangazi zetu nao wanaomba watoto wa ukoo wapewe kipaumbele. Mnatushaurije?

Mhasibu wa Moshi:
Dada, hongereni kwa kuelewana, maana mali ya urithi imetenganisha wengi. Katika mfuko wa wakfu mtaji hauguswi. Huwekezwa, na kinachotolewa ni sehemu tu ya mapato. Vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo vimeifanya kazi hii kwa muda mrefu, kwa kawaida hutoa asilimia 4 hadi 5 ya thamani ya mfuko kila mwaka, na ziada hurudi kwenye mtaji ili usiliwe na mfumuko wa bei. Kwa kiwango hicho, shilingi milioni 50 zitatoa milioni 2 hadi 2.5 kwa mwaka, yaani fedha za kumshika mkono mwanafunzi mmoja, pengine wawili. Hatifungani za Serikali za muda mrefu, yaani fedha mnazoikopesha Serikali, hulipa riba kila nusu mwaka, na mtashawishika kuigawa yote, msifanye hivyo. Iwapo fedha zenu ni chache sana, basi kaka yenu ana hoja nzito, kwa kuwa ni afadhali kumsomesha mmoja hadi ahitimu kuliko kugawa vijisenti visivyomvusha mtu yeyote.

Mwalimu Mstaafu, Tanga:
Mwanangu, mfuko wa namna hii unaweza kuishi kuliko sisi sote. Mwaka 1643 Lady Ann Mowlson wa London aliipa Harvard pauni 100 kwa ajili ya kumtunza mwanafunzi maskini, na mwaka 1894 chuo cha wanawake kilichokuwa jirani nayo kikapewa jina lake la ukoo kabla ya kuolewa, Radcliffe.

Kuhusu ombi la shangazi zako, nawasihi mlikatae kwa heshima. Baadhi ya vyuo vya Oxford vilitenga nafasi kwa ndugu wa waasisi kwa karne nyingi, hata mageuzi ya miaka ya 1850 yakaziondoa, kwa sababu nafasi zilikuwa zikienda kwa wenye nasaba badala ya wenye haja. Msiandike pia masharti membamba. Ufadhili wa Rhodes wa kusoma Oxford, uliotokana na wosia wa mtu aliyefariki mwaka 1902, ulikuwa wa wanaume peke yao, na ilibidi sheria ya Uingereza ya mwaka 1975 ifungue njia ndipo wanawake wakachaguliwa. Andikeni lengo waziwazi, kisha muwaachie wadhamini, yaani wasimamizi wa mfuko, ruhusa ya kubadili utaratibu pale mambo yatakapobadilika.

Mnufaika wa Zamani:
Naongeza jambo moja kwa uchungu. Mkopo wangu wa masomo ulilipia sehemu tu ya ada, na wiki ya mitihani nilizuiwa kuingia chumba cha mtihani kwa sababu ya salio ambalo kwa mfadhili lingekuwa dogo. Fedha zenu zizibe pengo hilo, zilipwe moja kwa moja chuoni, na zifike kabla ya mitihani. Tena msitegemee vyeti pekee katika kupima uhitaji. Wapo yatima ambao mzazi wao alifia kijijini na kifo chake hakikusajiliwa, hivyo hawana cheti cha kifo cha kuambatisha. Barua ya mtendaji wa kijiji na maelezo ya mwalimu aliyewafundisha vitawasaidia.

Binti wa Mlimani:
Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Tutamweleza shangazi mkubwa ana kwa ana, si kwa simu. Nimeelekezwa kwamba bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Je, ni busara mmoja wa wadhamini atoke chuoni kwenyewe?

Mhasibu wa Moshi:
Ni busara, dada, ila asiwe mtia saini wa akaunti.