Tupeane uzoefu: gereji imejaa magari, pesa haionekani

Wakuu, poleni na kazi. Mada hii ni ya wenye gereji zao binafsi, wale ambao hawana kampuni ya magari nyuma yao. Ufundi wengi wetu tunao. Kinachotumaliza ni biashara yenyewe. Uwanja umejaa, vijana wanatoka jasho, simu haipumziki, halafu mwisho wa mwezi ukishalipa pango, mishahara na spea za mkopo, kinachobaki hakilingani kabisa na kazi iliyofanyika.

Mimi naamini tunaumia zaidi kwenye muda tusioutoza, hasa muda wa kutafuta ugonjwa. Mteja anaona kufungua na kufunga nati ndiyo kazi. Kufikiri hakuoni.

Naanza na la kwangu. Aliletwa mgonjwa ambaye kila asubuhi betri imekufa. Alternata inachaji vizuri, volti 14 na kitu. Betri tuliichaji ikajaa, tukaiacha itulie, ikasoma 12.6 kama inavyotakiwa. Kulipokucha ilikuwa chini ya 12. Maana yake kuna kitu kinaunyonya umeme gari likiwa limezimwa.

Sasa anayejua kazi hii anajua ilivyo. Unaacha boneti wazi, ila kitasa chake unakibana kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa. Milango vilevile. Ufunguo unaupeleka mbali. Kisha unasubiri, kwa sababu zile kompyuta ndogondogo za ndani huweza kuchukua hata nusu saa kabla hazijalala. Kijana akipita akafungua mlango kuchukua kitambaa chake, unaanza upya. Zikishalala, fyuzi hung'oi, maana ukiing'oa na kuirudisha unaamsha mfumo mzima. Unagusisha ncha za mita kwenye vile vijichuma viwili juu ya mgongo wa fyuzi na kusoma milivolti, moja baada ya nyingine. Gari lililolala halitakiwi kuvuta zaidi ya kama miliampia 50. Lile lilikuwa linavuta mara kadhaa ya hapo. Mwizi alikuwa alamu iliyofungwa baadaye, waya wake umeungwa mahali pasipozimika.

Kutengeneza kwenyewe kulikuwa kuhamisha waya mmoja. Mteja akauliza, "Yaani waya mmoja ndio bei hii?" Kilichoniokoa ni kwamba bei ya kupima tuliipatana kabla sijafungua boneti, na nilimwita asome mita mwenyewe, kabla na baada. Akalipa, na bado ni mteja wangu.

Karibuni. Kila mmoja aweke lililomsumbua na alichobadilisha.

Fundi injini

Umenigusa mkuu. Langu ni mteja anayekuja na spea mkononi na jibu kichwani.

Kuna mmoja alinunua kile kisomeo kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kikamtolea kodi, yaani namba ya hitilafu, P0420. Akaenda mtandaoni, akasoma kwamba ni katalaiza, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, akainunua kwa pesa nyingi, akaniletea: "Nifungie tu, ya kupima nimeshamaliza." Kodi ile haisemi katalaiza imekufa. Inasema kompyuta haioni katalaiza ikisafisha moshi kwa kiwango inachotarajia. Inaweza kuwa imekufa kweli, au ekzosi inavuja hewa karibu na sensa, au sensa ya nyuma inadanganya, au injini inamisi na petroli isiyoungua inakwenda kuichoma katalaiza. Ukifunga mpya juu ya injini inayomisi, nayo inakwenda njia hiyohiyo.

Nikamwambia sifungi kabla ya kupima. Akakasirika, akaondoka, akarudi baadaye. Tulikuta mvujo kwenye gasketi ya ekzosi, mbele ya sensa. Tulibadili gasketi na taa ikazima.

Utaratibu wangu sasa: spea ya mteja naifunga tu akisaini kwamba dhamana yangu ni ya kazi ya mikono peke yake. Spea ikifa, kuifungua tena ni malipo mapya. Na ufundi wa kufunga spea ya mteja bei yake iko juu kidogo, kwa kuwa faida ya spea sina na lawama ninayo.

Gereji ya familia

Mimi bei ya kupima naitoa kwenye hesabu mteja akikubali kazi ifanyike. Inavuta watu. Ukimwambia kupima ni bure kama utatengeneza hapa, hakimbii.

Mwanzisha mada

Kaka, heshima yako, ila hapo siungi mkono. Ukiiondoa, umemfundisha kwamba kupima hakuna thamani, na kazi yenyewe ikiwa ndogo kama ule waya wangu, utalipwa nini? Mimi natoza hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni saa moja. Ikiisha sijapata jibu, nampigia simu, namweleza nilichokwisha kuondoa kwenye orodha ya washukiwa, anaamua tuendelee au la. Sijawahi kupata ugomvi kwa njia hiyo.

Dada wa mahesabu

Mimi si fundi, nashika vitabu vya gereji ya mume wangu. Ngoja niwaambie pesa inapopotelea, nayo iko kwenye kikokotoo tu.

Spea mmenunua kwa 100. Mnaongeza asilimia 30, mnauza 130, mnajisemea faida yetu ni asilimia 30. Hapana jamani. Faida ni 30 ndani ya 130, yaani asilimia 23 ya pesa iliyoingia. Sasa mteja anaomba apunguziwe "asilimia 10 tu, bosi". Kumi ya 130 ni 13. Faida imetoka 30 ikabaki 17. Mmetoa asilimia 10 ya bei na zaidi ya asilimia 40 ya faida, na hapo pango na umeme havijalipwa. Ndiyo maana kwetu punguzo halitoki mdomoni mwa fundi aliye chini ya gari. Anasema, "Ongea na mama ofisini."

La pili ni advansi. Mteja wa gari A ametoa pesa ya spea. Gari B limekwama kwa kitu kidogo, fundi anachukua pesa ya A amalizane na B, akitegemea B akilipa atarudisha. B hachukui gari wiki hiyo. A anapiga simu kuuliza spea zake. Hapo ndipo fundi mzuri anapoanza kuitwa tapeli, na kweli hakuiba hata senti. Kwetu pesa ya spea ina akaunti yake, haiguswi kwa mshahara wala kwa gari jingine. Mwanzoni ilibana sana. Sasa hivi tunapumua.

La tatu nilipitishe haraka: andikeni saa. Fundi yuko kazini kwa muda wa saa 8 kutwa, lakini saa mlizomtoza mteja ni ngapi? Zikiwa 4, basi mnalipa mshahara wa saa 4 kwa kutafuta spana, kufuata spea na kungoja simu. Bei ya saa moja lazima ibebe na hizo.

Fundi breki na miguu

Dada, hiyo ya 130 nimeipiga picha niibandike ukutani.

Langu ni lile neno "toka ulipoligusa". Unabadilisha pedi za breki, kesho yake anapiga simu: toka ulipoligusa, kiyoyozi hakipoi. Kiyoyozi na pedi wapi na wapi? Lakini ukibishana naye umeshampoteza, na ukilitengeneza bure umejiumiza mwenyewe.

Dawa yangu ni mapokezi. Gari likiingia, kabla mteja hajaondoka, tunalizunguka wote wawili na simu: kila upande picha, matairi, kioo cha mbele, kilometa, kiwango cha mafuta. Tunawasha swichi na kupiga picha dashibodi ili taa zilizowaka zionekane. Kisha tunajaribu taa, honi, vioo vya madirisha, redio na kiyoyozi. Ni dakika chache tu. Yule wa kiyoyozi nilimtumia picha yake mwenyewe ikionyesha tumeandika "AC haipoi" siku alipoleta gari. Alisahau tu, hakuwa na nia mbaya. Akaniambia basi nilete utengeneze na hilo, na hiyo ikawa kazi ya kulipwa.

Gari likirudi kwa kosa la kweli la gereji, linaingia mbele ya foleni siku hiyohiyo, na mteja hatozwi. Hilo halina mjadala kwangu, hasa kwa breki.

Mteja wa kudumu

Naomba na sisi wenye magari tusikike, maana mnatusema sana.

Mimi si mbishi wa pesa. Kinachonitia hofu ni kuambiwa "imebadilishwa" na sina namna ya kujua. Fundi wangu wa sasa nilimpenda kwa mambo madogo. Spea ya zamani ananirudishia ndani ya boksi la ile mpya. Bei ikipanda katikati ya kazi ananipigia kabla, hanishtukizi wakati wa kuchukua gari. Kuna siku aling'oa magurudumu, na wakati wa kunikabidhi akaniambia nikishatembea kati ya kilometa 50 na 100 nipite akakaze nati upya kwa spana ya kipimo, bila malipo. Nilipita, ikachukua muda mfupi sana. Toka hapo ndugu zangu wote nimewapeleka kwake.

Na jambo jingine: mkisema gari litakuwa tayari Ijumaa, na Alhamisi mmeona spea haijafika, pigeni simu Alhamisi. Msisubiri mimi nifike pale Ijumaa nimekodi usafiri.

Mwenye uwanja mdogo

Nawapa la magari yaliyotelekezwa. Injini imefunguliwa, mwenyewe kaambiwa bei ya ovahoo, yaani kuifumua na kuitengeneza injini yote, akasema anakwenda kutafuta pesa. Kimya. Gari limekaa juu ya mawe, limeshika nafasi ambayo ingeingiza kazi nyingine kila siku, na kila mvua ikinyesha linaharibika, nawe ndiye utakayeulizwa.

Kuliuza bila kufuata sheria usijaribu. Kila nchi ina taratibu zake za mali iliyoachwa, na ukikosea unageuka mshtakiwa. Nilichobadilisha ni mlango wa kuingilia. Injini haifunguliwi bila malipo ya kufungua na kufunga kulipwa kwanza. Mteja akikataa bei, tunalifunga kama lilivyokuja na anaondoka nalo. Na kwenye karatasi anayosaini kuna mstari unaosema baada ya siku kadhaa toka ajulishwe, kuna ada ya maegesho kila siku. Ada yenyewe sijaitoza mara nyingi. Watu wakiisoma wanakuja.

Fundi mkuu

La vijana hamjaligusa. Unamchukua kijana hajui kushika spana, unamfundisha mpaka anasikia valvu kwa masikio, halafu anaondoka na namba za wateja. Inauma, sitaficha. Lakini nimekaa nikajiuliza, alikuwa na sababu gani ya kubaki? Hakuwa na kiwango kinachopanda wala sehemu ya kazi kubwa aliyoimaliza vizuri. Sasa kila kijana anajua akiweza kufunga taimingi peke yake na kukaguliwa, mshahara unapanda kiasi fulani, na akijua umeme unapanda tena. Mmoja ameondoka hata hivyo, kwa heri, na kazi za gia ananiletea.

Fundi umeme wa magari

Niongeze upande wa vifaa, kwa sababu unakula mtaji vibaya. Marekani ililazimisha soketi moja ya OBD II, ile ya kuchomeka kisomeo, kwa magari ya mwaka 1996 kuja juu, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Hiyo ilitusaidia sana sisi wadogo, kisomeo kimoja kikawa kinaongea na magari mengi. Lakini kusoma kodi ni mlango tu. Kuingiza programu, kulitambulisha gari kwa ufunguo mpya, kupanga upya kamera ya mbele baada ya kubadili kioo, vyote hivyo vinataka leseni za kulipia mara kwa mara. Gesi ya kiyoyozi nayo: R134a ina mashine yake na R1234yf ina yake, hazichanganywi. Magari ya haibridi na ya umeme yanataka glavu za kuhimili volti 1000, na zinapimwa upya kila baada ya muda.

Msijaribu kununua vyote. Mimi nilitazama kumbukumbu zangu, magari gani yanaingia kwa wingi, nikanunua vya hayo. Mengine nimepatana na gereji jirani: yeye ana kifaa cha kamera, mimi nina cha funguo. Tunapelekeana kazi kwa bei ya fundi kwa fundi, na mteja anapata risiti moja.

Gereji ya familia

Mwanzisha mada, nimekuelewa kwenye bei ya kupima, nitajaribu ya hatua kwa hatua. Na kadi ya kazi, ile karatasi ya kupokelea gari, wewe unaandika nini hasa?

Mwanzisha mada

Karatasi moja tu kaka, nakala mbili. Juu: jina, simu, namba ya gari, kilometa. Chini yake malalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe, usiyatafsiri. Akisema "linalia kwi-kwi likikata kona kushoto", andika hivyohivyo, maana ukiandika "beringi" umeshajifunga kabla ya kupima. Kisha bei ya kupima na muda wake. Kiwango cha pesa ambacho ninaweza kutumia bila kumpigia simu. Spea za nani, mpya au za kutumika. Dhamana ya nini na mpaka lini. Ruhusa ya kulijaribu barabarani. Sahihi yake, sahihi yangu, saa. Upande wa nyuma fundi anaandika vipimo alivyopata kabla na baada. Mteja akirudi baada ya miezi, huo upande wa nyuma ndio ninaoufungua kwanza.